Freddie wa sinema, Farrokh wa Unguja, na kidole cha kaka yangu

Mara ya kwanza kuitazama Bohemian Rhapsody, ile filamu ya 2018 ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, tulikuwa nyumbani kwetu Michenzani, laptop juu ya kigoda, flashi ya kuazima, na kaka yangu mkubwa, ambae kazi yake kutembeza watalii Mji Mkongwe, ndo alokaa karibu na kibodi. Tunaisubiri Unguja. Inaanza siku ya tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley London, mara inarudi nyuma 1970 kijana anapakua mizigo ya ndege Heathrow, tukasema haya, labda mbele huko. Mpaka majina yanapanda mwishoni hamna Forodhani, hamna jahazi, hamna hata mlango mmoja wa msumari, Zanzibar imetajwa kwa mdomo tu tena mbiombio. Kaka akasema, "Wametukata hawa."

Ubishi huu nshausikia sana barazani tokea hapo, na mimi kwanza nilikuwa upande wa kaka. Maana jamaa kazaliwa hapahapa mjini, 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazee wake Maparsi, watu wa dini ya Zoroasta, walotoka India, baba yake keshia katika serikali ya Muingereza. Yuko na miaka minane hivi akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, huko India, mbali na mama yake, akarudi Unguja 1963, hajakaa hata kidogo Mapinduzi ya Januari 1964 yakapita na familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Kijana wa miaka 17! Keshahamishwa mara mbili kabla hajaota ndevu vizuri. Sasa we unatengeneza filamu ya mwimbaji anoandamwa na upweke, mtu mwenye nyumba kubwa lakini anaogopa kubaki peke yake usiku, halafu hayo yote unayaacha? Kwenye filamu utadhani upweke wake umeanzia kwenye mapati na marafiki wabaya.

Lakini yupo mzee mmoja tunakunywa nae kahawa Jaws Corner, yeye akanambia kitu kilonikaa. Anasema mwanangu, nyinyi mnalaumu wazungu, kwani Freddie mwenyewe alikuwa anaitaja Unguja? Na ni kweli, jina kabadilisha, kwenye mahojiano habari za huku alikuwa hapendi kuzungumza, mashabiki wake wengi Uingereza walikuja kujua baadae kabisa. Kwa hivo filamu imemfata yeye alivojificha. Hoja nzuri, siikatai. Ila mimi naona mtu akificha kitu maisha yake yote basi hapo ndo pa kuchimba, kama huchimbi hapo basi unatoa tangazo la bendi. Na kweli tangazo limo humo, Brian May na Roger Taylor, wenzake wa Queen, walikuwemo kwenye utengenezaji wenyewe, na wao wahai, marehemu hawezi kusema hapana hapo si hivo.

Tena hili ndo linaniuma kuliko hata hilo la Unguja. Filamu inaonesha Freddie kawaacha wenzake kwa tamaa ya kutoa albamu ya peke yake, bendi ikasambaratika, halafu akarudi kuomba radhi kabla tu ya tamasha la Live Aid, 13 Julai 1985. Bendi haijawahi kuvunjika, mwezi wa tano mwaka huohuo walikuwa Japani wanapiga pamoja, na alotangulia kutoa albamu peke yake ni Roger Taylor, 1981, Freddie yake 1985. Yaani kosa la wote limetwishwa mmoja, na mmoja mwenyewe keshakufa.

Halafu maradhi. Kwenye filamu anawaambia wenzake kama ana virusi vya UKIMWI kabla ya kupanda jukwaani Wembley, wakati Jim Hutton, mpenzi wake alokuwa akiishi nae, anasema majibu kayapata 1987. Wanaotetea wanasema sinema si hati ya mahakama, una saa mbili na kidogo za kusimulia miaka 15, lazima usogeze mambo ili mwisho upande. Sawa, kusogeza tarehe ya wimbo mimi sina neno. Ila tazama linavotoka hilo la maradhi: anaondoka kwa wenzake, anafanya mapati, anaumwa. Kama adhabu vile. Na kwetu sisi ambako mtu akifa kwa UKIMWI mpaka leo matangani watu wanasema "alikuwa na homa", picha kama hiyo haiendi bure, inaingia pale palipo na shimo tayari.

Pamoja na hayo siwezi kusema filamu mbovu maana ntakuwa muongo, nililia. Zile dakika za mwisho za Wembley, wamezijenga upya mpaka vikombe vilokuwa juu ya piano, na Rami Malek wallahi kamvaa mtu yule, Oscar aloipata ni halali yake (filamu nzima ilichukua nne). Iliingiza zaidi ya dola milioni 900, na wajomba zangu wadogo hapa ambao Queen hawaijui wakaanza kupiga makofi mezani.

Kuna kipande kimoja kidogo ndo nakipenda kuliko vyote. Baba yake, Parsi wa dini hasa, tokea mwanzo anamkumbusha mawazo mema, maneno mema, matendo mema, ndo msingi wa dini yao. Siku ya Live Aid Freddie anapita nyumbani, anamwambia baba tunakwenda kupiga bure kwa ajili ya njaa Afrika, kama ulivonifunza, wanakumbatiana. Wamefika mlangoni kabisa hapo! Mtoto alozaliwa Afrika, familia imetoka Afrika na masanduku tu, anakwenda kuiimbia Afrika, na hakuna hata mmoja mle ndani anosema jamani sisi si tumetoka huko. Sentensi moja ingetosha, wala isingewagharimu tiketi ya ndege ya kuja huku kupiga picha.

Sasa tujiangalie na sisi, maana kulaumu rahisi. Mgahawa wa jina lake upo ufukweni miaka na miaka, 2006 wakataka kufanya sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa, wakapinga kwa sababu ya mambo yake na wanaume, ikafutwa. Sheria yetu dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilikuwa imeshakazwa 2004. Halafu 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani, watalii wanapanga foleni, nyumba alokaa tunaoneshana zaidi ya moja, kila mtu na yake. Msimamo wangu: waliotengeneza filamu wamechukua jukwaa wakaacha alikotoka, sisi tunachukua alikotoka tunaacha mtu mwenyewe. Na angalau wao Mary Austin, alokuwa mchumba wake, wamemueka, Jim Hutton wamemueka, hata kama wamemgeuza mhudumu wa pati wakati alikuwa kinyozi.

Maana sijakwambieni, ule usiku Michenzani, kila Freddie akimkaribia mwanamme, kidole cha kaka kiko kwenye kibodi, tii, mbele dakika mbili. Ndo huyohuyo alosema wametukata. Wiki ya pili kaja na simu yake, anataka nimkopie kipande cha Wembley tu awaoneshe wageni wakifika Shangani.

Nikamkopia filamu nzima.