Nimelipia Edinburgh, kwa nini nisishuke Durham?

Huku Uingereza, treni ya kutoka Leeds kwenda Edinburgh, ikikaribia Durham, hupita juu ya daraja refu la mawe. Tazama kulia. Mji wote uko chini yako, mapaa yamebanana, na juu ya kilima limekaa kanisa kuu walilojenga Wanormani, ngome ikiwa ubavuni mwake. Mama alikuwa anasinzia tangu Darlington. Akafumbua macho, akanishika mkono.

"Hapa wapi?"

"Durham, mama."

"Basi na tuteremke. Tutapanda nyingine."

Ikabidi nimweleze kwamba haiwezekani. Treni ikasimama, mlango ukafunguka hatua tatu kutoka tulipokaa, watu wakashuka na mabegi yao, upepo wa baridi ukaingia. Mlango ukafungwa. Mama hakuutoa macho mlangoni mpaka treni ilipoanza kuondoka.

Alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga, na kwake safari ni kitu cha kusimama simama. Basi la Dar lisiposimama Muheza akachagua machungwa dirishani, dereva huyo hana adabu. Na akipigiwa simu njiani kwamba kuna msiba Segera, anashuka Segera. Nauli ya mpaka Dar imeliwa, sawa, ila hakuna anayemfuata kumdai zaidi. Ndiyo maana swali lake lilikuwa jepesi mno: "Tumelipia Edinburgh. Hapa ni karibu kuliko Edinburgh. Tukiteremka hapa tumewapunja nini?"

Mimi ni mhasibu. Hesabu ni kazi yangu ya kila siku, na nilikaa kimya mpaka Newcastle.

Kwa asiyeishi huku, mambo yako hivi. Tiketi za treni za masafa Uingereza, ukiacha vikorombwezo vyake, ziko za aina mbili. Kuna ya bei rahisi, wanayoiita Advance: unanunua mapema, inakufunga kwenye treni moja ya saa fulani, mara nyingi na kiti kimoja. Iliyotangulia si yako, inayofuata si yako. Na kuna kifungu ambacho wengi hatukisomi: huruhusiwi kukatisha safari njiani. Hushuki katikati ukatembea, hupandii kituo cha mbele. Ukifanya hivyo unaweza kudaiwa nauli nyingine, yaani unalipishwa zaidi kwa kusafiri pungufu. Aina ya pili ni tiketi huru, Off-Peak, yaani ya nje ya saa za msongamano, na ile ya saa zote, ambazo kwa kawaida zinakuruhusu kushuka njiani na kuendelea baadaye. Hizo ndizo za bei ya kuumiza.

Watetezi wa utaratibu huu husema: si umepewa uchaguzi? Unataka rahisi, fungwa. Unataka uhuru, lipa. Hoja hiyo inamfaa mtu anayekwenda kikaoni au mazikoni, anayetoka hapa kwenda pale. Sisi watembezi hatumo humo. Mtembezi hana haraka. Mpandishe treni ya saa tano asubuhi iliyo nusu tupu, atakushukuru. Hahitaji kuruhusiwa kupanda ile ya saa mbili yenye watu waliosimama mpaka mlangoni mwa choo. Anataka jambo moja tu, kushuka. Na jambo hilo moja wamelifunga kwenye furushi moja na mengine yote asiyoyahitaji, wakalitia bei ya mkurugenzi anayerudishiwa nauli na ofisi yake.

Sababu yao naijua, na si ya kipuuzi. Nauli za huku hazipangwi kwa urefu wa njia, zinapangwa kwa soko. Ipo siku tiketi ya mbali inakuwa rahisi kuliko ya karibu kwenye njia ileile, kwa kuwa ya mbali ina washindani na ya karibu haina. Ukiwaruhusu watu washuke popote, kila anayekwenda Durham atanunua Edinburgh. Sawa. Lakini huo ni mtego walioutega wenyewe, halafu mguu unaonaswa ni wa mama yangu.

Utaambiwa pia zipo tiketi za kuzurura, za siku kadhaa katika eneo zima. Zipo, na ni nzuri kwa mwenye likizo ndefu. Mwenye Jumamosi moja na mzazi mwenye magoti mabovu, kumnunulia hiyo ni kumpikia mtu mmoja sufuria la pilau la harusi.

Usiku ule Edinburgh nikaona nijanjaruke. Kuna njia halali inayojulikana sana huku, ya kuigawa safari kwa tiketi mbili au tatu, mradi treni isimame pale zinapoungania. Nikatupa tiketi zetu za kurudi, nikanunua mbili mpya: Edinburgh mpaka York, kisha York mpaka Leeds, zikiwa na nafasi ya saa nne katikati. Nikajiona mjanja kweli.

York kuna jumba la makumbusho ya reli, karibu kabisa na stesheni, na kuingia ni bure. Nilidhani tutapita tu. Kumbe babu alifanya kazi kwenye reli ya Tanga, na mama amekulia katika harufu ya grisi. Mbele ya Mallard, lile garimoshi la buluu lililokwenda kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, rekodi ya mvuke ambayo haijavunjwa, alisimama kama aliyekutana na mtu wa ukoo. Akaanza kunieleza makaa yanavyotupwa, yatandazwe, yasirundikwe mahali pamoja. Habari hizi za babu sikuwahi kuzisikia maishani. Anaendelea hivyo, simu yangu ikalia: zimebaki dakika ishirini na tano treni iondoke. Tiketi ya pili nayo ilikuwa ileile ya kufungwa. Nikamkatiza mama katikati ya sentensi. Kanisa kuu la York tuliliona kwa mbali, na ukuta wa kale wa mji tuliupa mgongo. Ndani ya treni alikuwa anahema, na ile habari ya makaa hakuirudia tena mpaka siku ya kurudi kwake Tanga.

Kugawa tiketi, basi, hakukupi uhuru. Kunakupa treni mbili za kukuamrisha badala ya moja.

Na si kwamba haiwezekani vinginevyo. Ujerumani mwaka 2022, Juni hadi Agosti, waliuza tiketi ya euro 9 kwa mwezi mzima, nchi nzima, kwa treni za mikoa na usafiri wa mijini. Mei 2023 wakaleta ya euro 49. Bei imepanda tangu hapo, na treni za kasi hazimo, lakini msingi ni uleule: ukiona mji unakupendeza, unashuka. Waingereza, waliofungua reli ya Stockton na Darlington mwaka 1825 na kusherehekea miaka 200 yake mwaka 2025, wamekaa wanajaribu tiketi inayokuruhusu treni ya dakika 70 kabla au dakika 70 baada ya ile uliyochagua. Dakika sabini! Kwa mtu aliyechelewa kikao, afueni. Kwangu mimi, hazitoshi hata foleni ya chai.

Ninachotaka ni kidogo. Tiketi ya siku moja, uelekeo mmoja, isiyo na kiti cha uhakika, isiyoruhusiwa saa za msongamano, ila niteremke mara mbili nitakapo. Niwekeeni bei ya katikati, nitalipa bila kunung'unika. Serikali imeanza kuzirudisha kampuni za treni zilizobaki mikononi mwake tangu Mei 2025, baada ya miaka thelathini ya ubinafsishaji, na nauli ni moja ya mambo wanayosema watayapangua. Sasa ndio wakati wa kuwapigia kelele. Hata nyumbani, ambako treni ya umeme ya Dar mpaka Dodoma ilianza mwaka 2024, ningependa wanaopanga nauli wamfikirie anayetaka kuonja upepo wa Uluguru pale Morogoro kabla ya kuendelea.

Wiki ya mwisho ya mama, Jumamosi, nilivunja kibubu. Tiketi mbili huru, Leeds mpaka Newcastle, karibu mara mbili ya nilivyozoea. Tukashuka Durham. Kilima kile ni kikali, tukapumzika mara nne, mara ya nne nje ya duka la mikate ambalo mwenyewe alitutolea kiti. Ndani ya kanisa mama aliziendea zile nguzo nene zilizochorwa mistari, akaiwekea moja kiganja, akauacha mkono wake hapo.

Kisha akageuka upesi, kama aliyekumbuka chungu motoni.

"Treni yetu saa ngapi?"

"Yoyote, mama."

Akaniangalia kuhakikisha sitanii. Akavuta benchi, akakaa, akavua viatu.