Karo ya uwakili ikilipwa na mwajiri, je, ni mshahara?

Jumapili moja mpwa wangu aliniwekea barua mezani kabla hata hajaketi. Ana shahada ya sheria, na kwa sasa ni karani katika kampuni moja ya mawakili hapa Nairobi ambayo sitaitaja. Kampuni imekubali kumlipia karo yote ya Kenya School of Law, kule Karen, chuo ambacho mwenye shahada ya sheria husomea uwakili. Sharti ni kwamba akishaapishwa kuwa wakili atawatumikia miaka miwili, na akiondoka mapema atarudisha pesa kwa hesabu ya miezi iliyobaki. Aya ya mwisho ndiyo iliyomnyima usingizi: ushuru wowote utakaotozwa juu ya karo hiyo atabeba mwenyewe.

"Mjomba, ushuru gani tena? Hizo pesa hata sizishiki. Zinaenda chuoni moja kwa moja."

Mimi kazi yangu ni kuwajazia watu ritani za ushuru na kuwasemea wanapoandikiwa na Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru (KRA). Nilidhani ningemjibu kabla chai haijapoa, lakini tulikaa na ile barua mpaka magharibi.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, imekuwa ikitumika tangu Januari 1974, na kifungu chake cha 5 ndicho kinachoeleza mapato ya ajira ni yapi. Mshahara umo, bonasi imo, marupurupu yamo, kisha yanafuata manufaa ya aina yoyote ile, hata yasiyo pesa taslimu. Tangu mwisho wa Desemba 2024, manufaa kama hayo yakifika shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi, yanaingia kwenye hesabu. Karo ya uwakili inapita kiwango hicho kwa mbali.

Sasa sikiliza upande wa mwanafunzi, kwa sababu una nguvu kuliko watu wengi wa idara za uajiri wanavyodhani. Kifungu hicho kinazungumzia ajira na huduma zilizotolewa. Mwanafunzi ambaye kampuni imemchagua tu akiwa chuo kikuu ametoa huduma gani? Hajawahi kufungua faili moja ya ofisi hiyo. Katiba nayo, kwenye ibara ya 210, inasema hakuna ushuru utakaotozwa ila kwa sheria. Mahakama zetu hupenda kurejea kesi ya Uingereza ya mwaka 1921, Cape Brandy Syndicate, iliyoweka msingi kwamba katika ushuru unasoma kilichoandikwa, wala huongezi neno kwa kukisia. Ikiwa sheria inasema huduma zilizotolewa, huwezi kuisomea huduma zitakazotolewa.

Lipo pia suala la haki, na hili linanigusa zaidi. Mzazi mwenye uwezo akimlipia mwanawe karo hiyo hiyo, hakuna anayemwuliza mtoto kuhusu ushuru. Binti wa Githurai ambaye mama yake anauza mboga anapata mfadhili mmoja tu, mwajiri wake wa baadaye, na hapo hapo karo inageuzwa kuwa mapato yake. Pesa ni zile zile, chuo ni kile kile, mitihani ni ile ile ya Baraza la Elimu ya Sheria. Aliyezaliwa bila mfadhili nyumbani ndiye peke yake anayedaiwa.

Lakini sikuweza kumwacha mpwa wangu na nusu ya habari. Hoja yake kwamba hazishiki pesa haisimami hata kidogo. Mwajiri akikulipia nyumba, kodi ya pango humwendea mwenye nyumba, wala hupitishiwi mkononi, na bado nyumba hiyo huhesabiwa katika mapato yako. Anayepokea hundi si hoja. Sheria inauliza aliyenufaika ni nani, na kwa sababu gani.

Hata hoja ya huduma ambazo hazijatolewa ina shimo. Mshahara ukilipwa mapema bado ni mshahara, na hakuna anayebisha. Mwaka 1991 mabwana wa mahakama ya juu ya Uingereza waliamua kesi ya kipa Peter Shilton. Klabu yake ya Nottingham Forest ilimlipa pauni 75,000 ili akubali kuhamia Southampton. Kwa Southampton hajadaka mpira hata mmoja, na aliyelipa si mwajiri mpya bali yule anayeachwa. Bado walisema ni mapato ya ajira, kwa kuwa alilipwa ili aingie kazini.

Kesi ninazozipenda zaidi katika jambo hili ni mbili za wachezaji wa raga, na ningetaka kila anayeandika barua za ufadhili azisome. Katika Jarrold v Boustead ya mwaka 1964, mchezaji alipewa pauni 3,000 aache raga ya ridhaa na kujiunga na klabu ya kulipwa ya Hull. Mahakama ikasema hayo ni malipo ya kile alichokiacha milele, si ya kazi, na haikumtoza. Miaka mitatu baadaye, katika Riley v Coglan, mchezaji mwingine alipewa pauni 500, ila mkataba wake ulisema asipomaliza muda wake na klabu atarudisha sehemu ya pesa kulingana na muda uliobaki. Huyu alitozwa. Sharti lile la kurudisha kwa kadiri ya muda ndilo lililoonyesha kwamba pesa zilikuwa malipo ya utumishi, zikapimwa kwa miaka ya utumishi.

Nilimsomea mpwa wangu, kisha nikamwonyesha aya ya tatu ya barua yake, ile ya kurudisha pesa kwa hesabu ya miezi iliyobaki. Alinyamaza.

Marekani nao walifika mahali hapo hapo mwaka 1969, katika Bingler v. Johnson. Kampuni ya Westinghouse iliwapa wahandisi wake ruhusa ya kusoma huku ikiwalipa sehemu kubwa ya mshahara, kwa sharti la kurudi kuitumikia angalau miaka miwili. Mahakama ya Juu ilisema hiyo si zawadi ya masomo bali ni malipo ya kazi. Maamuzi ya ng'ambo hayawafungi majaji wetu, lakini wakili wa KRA atayabeba mahakamani, nawe sharti uwe na la kumjibu.

Serikali pia ina hoja yake, na si ya uroho. Kampuni ikilipa karo hiyo huitoa kama gharama ya biashara kabla ya kupiga hesabu ya faida. Ikiwa mwanafunzi naye hatozwi, pesa hizo zimepita bila kuguswa upande wowote. Na yupo mhasibu wa ofisi ya jirani anayejilipia karo ya mitihani ya uhasibu, CPA, kutoka kwenye mshahara uliokwisha katwa PAYE, yaani ushuru ambao mwajiri huukata kwenye mshahara kila mwezi. Huyo naye ana haki ya kuuliza mbona mwenzake amesamehewa.

Hapa kifungu cha 5 chenyewe kina jambo la kushangaza. Karo imetajwa humo, lakini ni karo ya wategemezi na jamaa wa mfanyakazi. Mwajiri akiilipa na kukubali kutozwa yeye ushuru wake, yaani asiitoe kama gharama, mfanyakazi haulizwi tena. Ushuru unachukuliwa mara moja, basi. Kwa hiyo kampuni inaweza kumsomesha mtoto wa karani kwa utaratibu huo, lakini karani mwenyewe akienda kusoma, mlango huo haumhusu. Sioni sababu ya kutenganisha wawili hawa. Uganda sheria yao inasamehe msaada wa masomo uliotolewa kwa nia njema ili mtu asome katika taasisi inayotambuliwa, na Tanzania inasamehe ufadhili wa karo kwa anayesoma muda wote. Bunge letu lingeweza kuazima sentensi moja tu kutoka kwa majirani na kuumaliza mjadala.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiko uchungu uliko. Tuseme karo ni shilingi 200,000.

Mwanafunzi asiye na kazi wala kipato kingine, hata ukiziita mapato, hadaiwi kitu mwisho wa mwaka. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, kwa hiyo ushuru ni 20,000, na nafuu ya ushuru anayopunguziwa kila mkazi ni 28,800. Imebaki sufuri. Hatari yake ni moja: mwajiri akizihesabu zote katika mwezi mmoja, PAYE itazidi 52,000, na mwanafunzi atalazimika kujaza ritani kabla ya 30 Juni na kuanza kungojea arudishiwe. Ndiyo kusema kelele nyingi zinazopigwa kwa niaba ya mwanafunzi huyu ni za bure. Anachohitaji ni mwajiri asiyekata kwa pupa.

Mpwa wangu hali yake ni nyingine. Analipwa 60,000 kwa mwezi, na kila shilingi inayozidi 32,333 hukatwa asilimia 30. Karo ya 200,000 ikiongezwa juu, ushuru wake ni 60,000. Ni mshahara mzima wa mwezi, kabla hajalipa nyumba wala matatu. Tena Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo kampuni ikitaka kumkata kwa mkupuo itajikwaa kwenye sheria nyingine.

Msimamo wangu ni huu. Ufadhili usio na bondi, yaani bila sharti la kuitumikia kampuni, kwa mtu ambaye bado si mfanyakazi, si mapato ya ajira, na ningeutetea mbele ya Kamishna wa KRA bila wasiwasi. Posho ya miezi ya unagenzi, yaani ya kujifunza kazi chini ya wakili, ni mapato, hapo hakuna mjadala, kwa sababu mtu anafanya kazi. Karo ya mfanyakazi, yenye sharti la kurudishwa kwa miezi, nahofia KRA itashinda kesi, ingawa naamini sheria inayomfikisha hapo ni mbaya.

Kwa hiyo tuliiandikia kampuni tukiomba karo iwe mkopo halisi, unaosamehewa kidogo kidogo kila mwezi wa ile miaka miwili. Mkopo si mapato siku unapotolewa. Usipokuwa na riba, kuna ushuru wa nafuu hiyo ya riba, nao humwangukia mwajiri, na hilo tulilitaja waziwazi ili wasije wakasema tuliwaficha. Kinachosamehewa ndicho kinachokuwa mapato yake: 200,000 kwa miezi 24 ni kama 8,333 kwa mwezi, na ushuru wake 2,500. Tukaomba pia wapeleke mpango huo kwa Kamishna kabla ya kutia saini, kwa sababu Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamruhusu mlipaji kuomba uamuzi wa maandishi kuhusu jambo lake mwenyewe.

"Lakini jumla si 60,000 zile zile?" akaniuliza akiwa mlangoni.

Ni zile zile, nikamwambia, ila utazilipa ukiwa wakili, si ukiwa karani.