Molekuli za galaksi za mbali: tuamini kivuli kiasi gani?

Gesi baridi yenyewe haing'ai sana, na galaksi ikiwa mbali hata huo mng'ao kidogo unatufikia umefifia mno, sasa hapo ndo ufyonzwaji (kivuli ambacho gesi inaacha kwenye mawimbi yanayopita ndani yake) unapobeba kazi. Kukiwa na kwaza (kiini cha galaksi chenye shimo jeusi linalomeza gesi na kutoa mawimbi makali) nyuma ya hiyo galaksi, molekuli zilizo njiani zinakata mawimbi yake kwenye masafa maalum ya kila molekuli, na kuiona alama hiyo kunategemea ukali wa kwaza na wingi wa gesi, umbali wa galaksi hauzuii.

Mfano mkubwa ni kwaza iitwayo PKS 1830-211. Galaksi iliyo mbele yake, ambayo mwanga wake umesafiri miaka kama bilioni 7, imeshapatikana na molekuli za aina zaidi ya 40, methanoli ikiwemo. Mwaka 2013 wanasayansi waliitumia hiyo methanoli, kwa darubini ya Effelsberg Ujerumani na nyinginezo, kupima kama uwiano wa uzito wa protoni na elektroni umebadilika tangu wakati ule, na badiliko halizidi kama sehemu 1 kati ya milioni 10. Mwaka huohuo molekuli za humohumo zilitumika kupima joto la wakati ule la mionzi ya mandharinyuma ya ulimwengu (mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu), likawa kelvini 5.08, nadharia inasema 5.14, wakati leo ni 2.7. Kwa kweli mng'ao usingetupa vipimo safi namna hii.

Lakini hapa watu wanateleza, wanachukua mstari mmoja mwembamba wa kutazama halafu wanasema "galaksi hii ina kemia hii", na hiyo ni kama kuhukumu msitu mzima kwa njia moja uliyopita. PKS 1830-211 yenyewe inatuonya, maana mvutano wa galaksi umeigawa kwaza hiyo taswira mbili, mstari mmoja unapita kwenye gesi nzito na mwingine kwenye gesi hafifu zaidi, galaksi ni ileile! Ungekuwa na mmoja tu ungekosea vibaya. Ramani ya galaksi nzima bado inahitaji mng'ao, hata ukiwa dhaifu.

Kinachonisumbua zaidi ni uchache, mifumo ya mbali yenye molekuli nyingi hivi inahesabika kwa vidole, na kwaza zikichaguliwa kwa mwanga wa kawaida tunazikosa hasa zile zilizofichwa na vumbi, wakati vumbi na molekuli hukaa pamoja, kwa hiyo utafutaji mpya uanzie kwenye redio, ambayo vumbi haliizibi.