Bagia Kwenye Fomu ya Maabara

Jumamosi moja pale Kariakoo nilinunua bagia za mia tano, muuzaji akanifungia kwenye karatasi. Zilipokwisha nikaikunjua. Fomu ya maabara: majina yote matatu ya mgonjwa, umri, mtaa anaokaa, kipimo alichoandikiwa. Sehemu ya majibu ilikuwa imelowa mafuta, na kwa hilo nayashukuru.

Sheria ya kulinda siri za mgonjwa hatuna upungufu nayo. Ile ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 ilishasema majibu ya kipimo ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na Tume ya kuisimamia ipo.

Wapo wanaotaka hata nesi asiite majina, watu wapewe namba tu. Hapo nasita. Kwenye benchi lenye akina Asha Juma wawili, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa ndivyo vinavyomkinga mmoja asimeze dawa za mwenzake. Kuitwa jina si aibu. Aibu ni kuitwa jina na kutajiwa chumba, wakati benchi zima linajua chumba kile kinatibu nini.

Kwa ndugu ndiko kugumu zaidi. Mgonjwa wetu haendi hospitali peke yake. Shemeji anapanga foleni ya dirisha la bima, mtoto wa dada anakimbia na cheti famasi usiku, na bili inapigwa picha ikatupwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili michango ianze. Ukikaza siri mpaka mwisho, unamnyima mgonjwa miguu yake. Lakini bili hiyo ina orodha ya vipimo, na kundi lina watu sitini, wakiwemo waliounganishwa kwa ajili ya harusi ya mwaka juzi wasitoke mpaka leo. Kwa mchango, jumla ya deni inatosha. Orodha abaki nayo mwenyewe.

Makarani nao wasikilizwe. Masjala imejaa mpaka mafaili yanalala sakafuni, na karatasi iliyoandikwa upande mmoja ni mali pale ambapo rimu haitoshi. Sawa. Ila hospitali hiyohiyo haitupi sindano ovyo: inaiweka kwenye boksi lake, boksi linakwenda kwenye kichomea taka, na kila mfagiaji anajua kwa nini. Karatasi yenye jina la mtu inaondoka na uchafu wa ofisini, au inauzwa kwa kilo. Moto ule ule ungeimaliza, wala si lazima kusubiri mfumo wa kompyuta.

Fomu yangu niliichana vipande vidogo, nikavigawa kwenye ndoo mbili za taka. Mtaa ulioandikwa pale ni wa pili kutoka kwetu, na jina lile nalifahamu. Tukikutana dukani tunasalimiana kama zamani, ila mimi ndiye ninayewahi kuangalia pembeni.