Gari la 4WD halivalishwi matairi mawili mawili

Kama una Subaru Forester au Legacy, Toyota RAV4 au Nissan X-Trail ya miaka mingi yenye 4WD, yaani injini inasukuma miguu yote minne, na meno ya matairi ya mbele yamekwisha, usinunue mawili. Nunua manne: kampuni moja, mchoro mmoja, saizi moja, yafungwe siku moja. Fedha zisipotosha manne ya jina kubwa, shuka daraja upate manne ya bei ya kati. Ni ushauri unaouma mfukoni, najua, hasa kwa gari ambalo lenyewe limeshuka thamani. Lakini wanaofunga mawili mapya mbele na kuacha vipara nyuma wanaokoa bei ya matairi na kulipia gia boksi.

Sababu ni hesabu tu. Tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa. Chukua 215/60R16, saizi ya Forester nyingi zilizojaa Kampala. Likiwa jipya, lenye meno ya milimita 8, kipenyo chake ni kama milimita 664, na kwa kilomita moja linazunguka mara 479. Likibaki na meno ya milimita 3, kipenyo kimepungua milimita 10, na mizunguko inapanda hadi 486 na ushei. Saba kwa kilomita utaiona si kitu. Ila Kampala hadi Mbarara ni kilomita 270 hivi: mizunguko inakaribia 2,000 ambayo mbele na nyuma haziafikiani, na lazima kitu fulani cha katikati kiimeze.

Kwenye Subaru ya gia za mkono, kitu hicho ni difu ya kati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, pamoja na kapulingi yake (kiungo chenye sahani ndani) iliyojaa mafuta mazito ya silikoni. Sahani za ndani zikisuguana safari nzima bila kupumzika, silikoni inachemka, inakaza, na siku moja inabaki imekaza. Kwenye otomatiki ya gia nne, kazi hiyo inafanywa na sahani za klachi zilizoko mkiani mwa gia boksi, zinazooga oili ileile ya gia. Zikiungua, unga wake unazunguka humo humo. X-Trail ya zamani ina swichi ya kuachia miguu ya nyuma, kwa hiyo ina nafuu kidogo, lakini usiitegemee swichi kuficha matairi yasiyolingana.

Dalili unaweza kuitafuta mwenyewe. Gari likiwa limepata moto, nenda penye lami kavu na nafasi, kata usukani mpaka mwisho, achia breki litembee polepole lenyewe. Likisita, likirukaruka au kujivuta kama limeachwa na handibreki, kuna kitu kinagombana katikati. Kabla hujamruhusu fundi ashushe gia boksi, pima matairi. Mara nyingi jibu liko hapo, na kuyapima hakugharimu kitu.

Geji ya meno ni nzuri, ila futi ya fundi cherehani ni bora zaidi. Jaza upepo sawa kwenye matairi yote yakiwa baridi, inua mguu kwa jeki, zungushia futi katikati kabisa ya tairi, andika namba. Fanya hivyo miguu yote minne. Kipimo kinachojulikana cha Subaru ni robo inchi, yaani kama milimita 6 za mzingo kati ya tairi kubwa na dogo. Hiyo ni sawa na milimita 1 tu ya meno. Wapo mafundi wanaoruhusu 2. Kwa gari lenye kapulingi iliyochoka tayari, mimi sisogei kwenye hiyo 1.

Sasa jiwe la barabara ya vumbi limepasua ubavu wa tairi moja, na ubavu hauzibwi. Kama matatu yaliyobaki bado yana meno ya milimita 7, nunua moja jipya la aina ileile. Kama yamefika nusu, hapo ndipo pekee ninapokubali tairi la mtumba: aina ileile, mchoro uleule, meno yanayolingana, nawe umelipima kwa mkono wako.

Vinginevyo mtumba ni hatari, na si wa dukani tu. Magari mengi hutufikia kutoka Japani yakiwa na matairi ya theluji. Soma ubavuni: ukiona neno STUDLESS, hilo ni la baridi; picha ya mlima wenye kipande cha theluji ndani nayo mara nyingi ni dalili hiyo. Mpira wake ni laini. Ukiubinya kwa ukucha unabonyea, na meno yamechanjwa vimistari vyembamba kama vya wembe. Kwenye lami ya moto linayumba kwenye kona na kuliwa upesi sana. Linavutia kwa sababu meno yake ni marefu, na muuzaji atakuonyesha hayo meno kwanza.

Angalia pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Tairi lililoanikwa juani mbele ya duka kwa miaka ni jipya kwa jina tu. Nyufa ndogo huanzia karibu na maandishi ya ubavuni.

Kuhusu mchoro, anayekaa mjini na kwenda kijijini mara moja kwa mwezi atosheke na matairi ya kawaida ya barabara. Yale ya meno makubwa ya kila ardhi ni mazito, yana kelele na yanakula mafuta. Ila kama kila siku unapanda vilima vya Kisoro au unavuka tope la Karamoja wakati wa mvua, yanunue bila kusita.

Ukiambiwa 215/60R16 hazipo, chukua 215/65R16, elewa unachokubali: kipenyo kinazidi kwa asilimia 3, spidi mita itasoma pungufu, na gari likibeba mzigo tairi linaweza kugusa matao ya bodi yaliyo juu yake. Yote manne yakiwa hivyo, difu haitalalamika. Kuchanganya ndiko kunakoua.

Yakishafungwa, hamisha ya mbele nyuma, upande uleule, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, ili yaliwe sawa. Upepo fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. kPa 220 ni psi 32.

Ile spea nyembamba ya dharura ni ndogo kuliko mengine, kwa hiyo iwekwe nyuma. Pancha ikiwa ya mbele, toa tairi zima la nyuma ulilete mbele. Kisha, kwenye Subaru nyingi za otomatiki za zamani, fungua boneti utafute kikasha kilichoandikwa FWD (kuendeshwa na miguu ya mbele tu), uchomeke fyuzi ya akiba. Taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi na miguu ya nyuma itaachiwa. Usizidi kilomita 80 kwa saa, na ukifunga tairi zima, toa hiyo fyuzi.