Kabla ya wosia, andika unachomiliki

Kila semina ya mirathi inayopita hapa Kigoma hutuhimiza tuandike wosia. Sawa, lakini naona tunaanzia katikati. Kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, mali za watu wengi zimekaa mdomoni. Mwenye mdomo akishazikwa, hata wosia ukiwepo utaanza kubishaniwa: hicho kinachogawanywa ni kipi hasa, na kilikuwa cha nani?

Chukua mwenye chombo cha dagaa. Mtumbwi ni wake. Injini wamechangia na shemeji yake. Nyavu kazikopa kwa tajiri, analipa kidogo kidogo wakitoka ziwani. Taa na betri kanunua mwenyewe. Makubaliano yote hayo yalimalizikia mwaloni, pale vyombo vinapotia nanga, kwa kupeana mikono. Siku akifariki, shemeji anasema chombo chote ni cha ubia, tajiri anataja deni analolijua yeye peke yake, na mjane hana la kujibu, kwa sababu mambo ya ziwani eti ni ya wanaume. Pengine hakuna hata mmoja anayedanganya. Kila mtu anakumbuka linalomfaa.

Viwanja ndiyo usiseme. Nimeshika mkononi hati za mauziano zilizoandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika kaunta buku: jina la muuzaji, dole gumba, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa uliofifia, na mpaka wa kaskazini ni "mwembe". Mwembe wenyewe ulishakatwa kuni. Hata hivyo karatasi hiyo ina thamani kubwa, mradi mke na watoto wajue ilipo na mashahidi walioitia saini bado wanapatikana. Mara nyingi imeandikwa jina la mume tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua haki ya mwenzi aliyechangia kwa jasho lake kuiendeleza ardhi, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kwa nini umwachie mkeo kesi wakati ungeandikisha majina mawili siku ile ile ya kununua?

Baada ya kuandika orodha ya unachomiliki, ndipo tuzungumzie wosia, na hapo watu wetu wanajikwaa kwenye jambo jingine: sheria ipi itatumika? Mtu ni Muha, Mwislamu, ana michikichi kwenye ardhi ya ukoo na nyumba ya kupangisha Mwanga, hapa mjini. Akifa, baba mdogo anadai mila, watoto wanadai dini. Mahakama itapima maisha aliyoishi marehemu na nia yake, kwa hiyo ni heri nia hiyo aiandike mwenyewe akiwa hai. Kwa sheria ya Kiislamu wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na si wa kumwongezea mrithi fungu, labda warithi wenzake waridhie. Mjane wa mume aliyeacha watoto anapata thumuni, yaani moja ya nane, na wake wakiwa wawili wanagawana hiyo hiyo thumuni.

Upande wa mila, kanuni zilizotangazwa mwaka 1963 zinasema fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, na binti zinamweka nyuma ya kaka zake. Mimi naiona kanuni hiyo ni ya kuaibisha, na ndiyo sababu kubwa ya kumsihi baba mwenye mabinti asinyamaze. Wosia wa kimila wa maandishi unataka walau mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, ikiwa mwenye wosia anajua kusoma na kuandika. Asiyejua anahitaji wanne, wawili kila upande. Ukishakamilika unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kuufungia kabatini ni sawa na kumkabidhi wa kwanza atakayelifungua.

Halafu kuna msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Anayeteua ni mahakama, na aliyeteuliwa hakugeuka mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Vivyo hivyo jina ulilojaza benki kama ndugu wa karibu halimfanyi mtu huyo mrithi wa akaunti. Kwenye Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, kisha hesabu ya alivyogawa: Fomu namba 5 na namba 6. Mahakama inaweza kumwongezea muda, lakini lazima aombe. Nimeona familia zikinung'unika miaka mizima kwamba kaka mkubwa anakula kodi za nyumba, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa karani kuuliza kama fomu hizo zimeshafika. Mrithi ana haki ya kuuliza. Zikiwa hazijafika, ana haki ya kuiomba mahakama imwite msimamizi ajieleze, na akishindwa, uteuzi wake utenguliwe.