Wapokomo na haki ya kuulizwa kuhusu maji ya Mto Tana

Mvua za masika zinapozidi katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, taarifa za habari hutuletea picha zile zile kutoka Kaunti ya Tana River: mapaa ya nyumba yakichungulia majini, watoto wakivushwa kwa mitumbwi, na akina mama waliojikusanya juu ya tuta pamoja na magodoro na sufuria zao. Baadaye hufika malori ya unga na maharagwe, viongozi hupigwa picha wakigawa misaada, kisha kaunti husahauliwa hadi msimu mwingine. Sina ubaya na unga huo, kwa kuwa mwenye njaa hulishwa kwanza. Ninachokipinga ni mazoea ya kuwaona Wapokomo, wakulima wa kingo za Mto Tana, kuwa wahanga wa mafuriko tu, ilhali ndio watu waliojua kuishi nayo kuliko jamii nyingi za Kenya.

Kwa karne nyingi Mpokomo hakuyaogopa mafuriko, aliyangojea. Mto Tana ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka, na kila furiko liliacha tope lenye rutuba katika nchi ambayo bila mto ingekuwa nyika kavu. Ardhi ya jadi hupimwa kuanzia mtoni, kila ukoo ukiwa na ukanda wake unaoanzia ukingoni na kuelekea bara. Kwenye kingo zilizoinuka hupandwa migomba na miembe; katika mabonde ya nyuma, ambako maji hutuama, hupandwa mpunga; na maji yanapoanza kujitoa, mkulima huyafuata nyuma akipanda mahindi na kunde palipobaki unyevu. Mto unapohama njia yake huacha vijiziwa, na vijiziwa hivyo, vikijazwa na furiko, huwa ghala la kambare. Hakuna pampu wala mfereji katika mpango huu. Kinachohitajika ni maji yaje kwa wakati wake na yaondoke kwa wakati wake.

Utaratibu huo ulivunjwa kutoka juu ya mto, kwa mabwawa ya umeme. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu likafuata 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga peke yake lina uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5 za maji. Mabwawa haya yamewasha taa za nchi nzima, na mimi ninayeandika haya kwa umeme siwezi kudai yasingejengwa. Lakini yameumeza ule mfuriko wa wastani uliokuwa ukilisha mashamba, bila kuuzuia mfuriko mkubwa. Mabwawa yakishajaa, maji humwagika yote kwa pamoja, nayo huwakuta watu ambao, baada ya miaka kadhaa ya mto kuwa mdogo, wamelazimika kushuka kulima karibu zaidi na maji. Ndiyo maana jamii hiyo hiyo hupoteza mpunga kwa ukame mwaka huu na kupoteza nyumba kwa gharika mwaka ujao. Mwaka 2018 maelfu ya familia zilihama, na mwaka 2024 wakahama tena.

Umeme wenyewe, kwa vijiji vingi vya ukingoni, bado ni waya unaopita mbali.

Wanaozungumzia mahitaji ya Wapokomo huhesabu visima, zahanati na barabara, na ni kweli vyote havitoshi. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa ng'ambo ya mto wakati wa mafuriko hana njia nyingine isipokuwa mtumbwi. Hata hivyo, hesabu hiyo huacha nje jambo ambalo wazee hulitanguliza, nalo ni imani na heshima yao. Kwa dini, mto umegawanyika bila ugomvi: Wapokomo wa juu, kuelekea Hola na zaidi, kwa sehemu kubwa ni Waislamu, wale wa chini ni Wakristo, matunda ya wamisionari Wajerumani wa Neukirchen waliofika Ngao mwaka 1887, na ya Wamethodisti wa Golbanti. Chini ya misikiti na makanisa hayo kuna tabaka la zamani zaidi, la baraza la wazee linaloitwa Gasa, lililokuwa likiamua kesi, ndoa, mipaka ya mashamba na ibada za kuomba mvua na mavuno.

Kitovu cha mamlaka hayo kilikuwa Ngadji, ngoma kubwa iliyochongwa kutokana na gogo. Ilifichwa msituni na kutunzwa na wazee waliostahili, na watu wa kawaida waliijua kwa sauti yake tu. Iliponguruma, kila mtu alielewa kwamba wazee wamekutana na neno lao litafuata. Maofisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu mwaka 1908 imo mikononi mwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, ambako imewekwa ghalani, haionyeshwi hata kwa wageni wanaolipa nauli kwenda kutazama vitu vya Afrika. Wapokomo wameiomba irudishwe. Sioni hoja yoyote ya haki inayoweza kuizuia. Taifa hili linasimama kwa heshima kila wimbo wa taifa unapoimbwa, na wimbo huo, tangu mwaka 1963, umejengwa juu ya mahadhi ya bembelezi ya Kipokomo. Serikali iliyokubali kuichukua bembelezi yao iwe sauti ya nchi ina deni la kuidai ngoma yao kwa jina la nchi, barua ikitoka Nairobi rasmi, badala ya kuwaachia wazee wa kijiji wapigane na sheria za London peke yao.

Hili si suala la kumbukumbu tu, kwa kuwa pale mamlaka ya wazee yalipodhoofika, maji na ardhi vilikosa mwamuzi. Waorma, ambao ni wafugaji, wanahitaji kuufikia mto wakati wa kiangazi, na tangu zamani kulikuwa na mapito ya mifugo, malka, yaliyokubaliwa na pande zote mbili. Mapito yalipozibwa na mashamba, na mashamba yalipolishwa mifugo, ugomvi ulikua hadi mauaji ya mwaka 2012 na mapema 2013, ambapo zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya mto huo, wakiwemo wanawake na watoto. Siasa za uchaguzi zilichochea, lakini hazikupata kuni mahali pasipokuwa na kuni. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ingeweza kuandikisha kanda za koo na malka kwa pamoja, Wapokomo na Waorma wakiketi meza moja. Uandikishaji huo unapaswa kuharakishwa kabla ya mwekezaji mwingine kuja na ramani yake.

Sasa linazungumziwa bwawa la High Grand Falls, kubwa kuliko hata Masinga, chini ya yale matano. Msimamo wangu ni kwamba lisichimbiwe hata msingi kabla ya wakulima wa Tana na wafugaji wa Orma kupewa viti vyenye kura katika chombo kinachoamua maji yafunguliwe lini na kwa kiasi gani. Kuachilia furiko dogo la makusudi katika misimu ya kupanda ni jambo linalowezekana kiufundi, na maji huchukua siku kadhaa kutoka Kiambere hadi kwenye delta, muda unaotosha kuwaonya watu wahamishe watoto na mbegu. Ratiba hiyo iandikwe ndani ya leseni ya bwawa lenyewe, ili mwenye bwawa awajibike kisheria anapoivunja.